Nani Aliyempa Usukani?

Msomaji mpenzi, kazi ya karani wa parokia ni kazi ya karatasi. Asubuhi nafungua ofisi, nafuta vumbi la meza, natoa madaftari makubwa ya ubatizo na ya ndoa, kisha nawangoja watu. Huyu anataka cheti cha ubatizo. Yule amepoteza cheti cha ndoa. Mwingine anaomba barua ya kumtambulisha kwa paroko wa Geita au wa Bukoba. Mimi nilisomea ualimu, nikafundisha muda mfupi, kisha nikaja kukaa kwenye meza hii. Tangu hapo nimeandika barua nyingi hata sijui idadi yake. Moja tu ndiyo iliyoninyima usingizi, nayo ni barua ambayo sikuiandika.

Ilikuwa siku ya Jumatatu, wiki chache baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Hapa Mwanza watu walikuwa hawazungumzi jambo jingine. Daraja lenye urefu wa kama kilometa 3, juu ya maji ya Ziwa! Malori yaliyokuwa yakikaa foleni kungoja kivuko sasa yanavuka kwa dakika chache, yakishika njia ya Geita na Bukoba, na mengine mpaka nchi za jirani. Basi siku hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, aliingia ofisini, akasema "Shikamoo Mjomba," akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuungama.

Kijana huyu si mvivu. Kwa miaka minne amekuwa utingo wa lori. Amefunga maturubai usiku wa mvua, amelala juu ya magunia, ameshuka mara ngapi sijui kuweka kabari chini ya magurudumu pale kivukoni ili gari lisirudi nyuma. Mwaka 2024 alijifunza udereva, akapimwa, akapata leseni ya daraja D, yaani ya magari madogo yasiyo ya biashara.

Akaniambia, "Mjomba, matajiri wanaongeza magari. Kazi zipo. Lakini wanataka leseni ya daraja E na barua ya uzoefu. Daraja la Busisi limefunguliwa, mimi nimefungiwa daraja la leseni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kunieleza ya kuwa yuko mtu mmoja, wale tunaowaita vishoka, aliyemwahidi kumtengenezea mambo ya leseni, hata tarehe atazimaliza mwenyewe. Kilichopungua ni barua yenye mhuri, ya kusema ya kuwa ameendesha lori la parokia kwa miaka mitatu.

Nikamwuliza, "Lori la parokia lipi?" Maana parokia yetu haina lori. Ina pikapu moja kuukuu ambayo mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba.

Akajibu, "Mjomba, nani atakuja kuhesabu magari ya Baba Paroko?"

Nilimwambia anipe siku chache. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwani mtu akiambiwa "nipe siku chache" husikia "ndiyo." Jioni ile ile dada yangu alinipigia simu kunishukuru.

Hapa yafaa nikuambie, msomaji, dada huyu ni nani kwangu. Baba yetu alikufa mapema. Ada yangu ya chuo cha ualimu ilitoka Mwaloni, Kirumba, kwenye magunia ya dagaa ambayo dada aliyanunua na kuyauza kwa miaka, akirudi nyumbani usiku na harufu ya samaki kwenye kanga zake. Kila daftari nililonunua chuoni ni dagaa. Sasa yeye, kwa mara ya kwanza, anaomba karatasi moja kwa ajili ya mwanawe. Je, wewe ungesemaje?

Usiku ule nililifungua sanduku la bati ambamo naweka vitu vya Babu, baba wa baba yetu. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: leseni yake ya udereva.

Babu alikuwa dereva wa lori la pamba tangu miaka ya mwisho ya 1950. Nyakati hizo Usukuma ilikuwa nchi ya pamba, na vyama vya ushirika vya wakulima vilikuwa vimeungana mwaka 1955 katika ule muungano mkubwa wa Victoria Federation, ambao Bwana Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Msimu ukifika, malori yalizunguka vijijini mchana na usiku kuchukua pamba na kuipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia, na kutoka huko marobota yakaenda kwenye reli, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Babu hakuajiriwa na ushirika. Aliajiriwa na tajiri mmoja mwenye malori mawili. Alianza kama taniboi, ndivyo walivyowaita utingo siku hizo. Alijifunza kwa macho, akimtazama dereva wake miguu na mikono. Kisha akapimwa, akashinda, akapewa leseni.

Mwaka 2012, nilipokuwa bado mwanafunzi, Babu aliniita barazani akanipa leseni hiyo ya zamani. Karatasi yake ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Akaniambia, "Geuza nyuma. Soma." Nyuma kulikuwa na maandishi ya mkono, kwa Kiingereza, na mhuri wa mahakama. Nilisoma, nikamfasiria: ya kuwa mwenye leseni hii amepatikana na kosa la kumruhusu mtu asiye na leseni kuendesha gari.

Babu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ndilo hilo. Nililijua, lakini sikuwahi kulisikia likisomwa."

Ndipo akanisimulia. Ilikuwa mwaka 1966, msimu wa pamba. Alikuwa ameendesha siku mbili karibu bila kulala, maana tajiri alilipa kwa safari. Kwenye njia ya kutoka Magu kuja Mwanza, usiku, macho yake yakawa hayafunguki. Taniboi wake alikuwa kijana wa jirani, hodari, aliyekuwa akilisogeza gari uani kila siku na kumsihi Babu amwachie njiani japo kidogo. Babu akampa usukani, akalala. Aliamshwa na kishindo. Mtu mmoja mwenye baiskeli, aliyebeba mkungu wa ndizi, alikuwa amelala kando ya barabara. Alikufa kabla ya kupambazuka.

Yule kijana alifungwa. Babu alitozwa faini, na leseni yake ikaandikwa nyuma hivyo. "Hakimu aliniuliza swali moja tu," Babu alisema. "Hakuniuliza nani aliendesha. Aliniuliza, nani aliyempa usukani?"

Msomaji, tangu siku ile ya mwaka 2012 sikuifikiri sana habari hiyo, mpaka mpwa wangu alipokuja kuomba mhuri. Basi nikaanza kujiuliza: hizi sheria za leseni zilitoka wapi? Ni nani aliyekaa akafikiri ya kuwa mtu angoje miaka mitatu? Nikasoma nilichoweza kupata, na niliyoyaona nakuletea kwa ufupi.

Gari la moto lilipoanza kuonekana duniani hapakuwa na leseni. Mjini Paris, polisi walianza kudai cheti cha dereva mwaka 1893. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1903, na kuanzia tarehe 1 Januari 1904 kila dereva alipaswa kuwa na leseni. Lakini ilikuwa leseni ya namna gani? Ulilipa shilingi 5, ukapewa. Hakuna aliyekuuliza kama unajua kusimamisha gari. Ilikuwa risiti ya kodi, si ushuhuda wa ujuzi. Hali ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hata mwaka 1934 peke yake watu zaidi ya 7,000 waliuawa barabarani katika nchi hiyo. Ndipo mtihani ukafanywa wa lazima, tangu tarehe 1 Juni 1935.

Marekani nayo, pamoja na ukubwa wake wote, ilichelewa kwa upande wa malori. Mpaka miaka ya 1980, katika majimbo kadhaa mtu mwenye leseni ya gari dogo aliruhusiwa kuendesha lori la trela. Tena wako madereva waliokuwa na leseni za majimbo kadhaa: akinyang'anywa moja kwa makosa, anatoa nyingine mfukoni na kuendelea na safari. Mwaka 1986 walipitisha sheria ya kukomesha mambo hayo: dereva wa lori awe na leseni moja tu, tena apimwe ndani ya gari la aina ile atakayoiendesha. Tangu tarehe 1 Aprili 1992 hakuna ruhusa ya kuendesha gari kubwa bila leseni hiyo.

Na huku kwetu? Waingereza walileta sheria yao ya magari, iliyokuwa Sura ya 168 katika orodha ya sheria za Tanganyika. Hiyo ndiyo sheria iliyomshika Babu, maana ilikuwa bado inatumika miaka ile baada ya Uhuru. Mwaka 1973 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, namba 30 ya mwaka huo, nayo ikarithi namba ile ile ya Sura 168. Mpaka leo tunaishi chini yake, pamoja na marekebisho mengi. Nayo haikuliacha lile swali la hakimu: haimshiki tu aliyeendesha bila leseni, bali humshika pia mwenye gari au msimamizi wake aliyemruhusu.

Leseni za karatasi zilikuwa na ugonjwa wake, nao ni kughushiwa. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 2010 zikaletwa kadi mpya za plastiki. Mwombaji hupimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha huenda Mamlaka ya Mapato kulipa, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kadi ilikuwa ya miaka mitatu. Tangu 2019 ni ya miaka mitano, na ada yake ikapanda kutoka shilingi 40,000 mpaka 70,000.

Yako pia yale madaraja. A ni ya pikipiki. D ni ya gari dogo. E ni ya magari ya mizigo na mengine yote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Na ili uipate, lazima uwe umekaa na D kwa miaka isiyopungua mitatu. C pamoja na ndugu zake C1, C2 na C3 ni za magari ya abiria. Anayetaka C ya mabasi makubwa ni lazima awe amekaa na C1 au E kwa miaka mitatu pia. Hivyo mtu hapandi kwenye basi kubwa au trela kwa kuruka. Hupanda ngazi kwa ngazi.

Lakini nilitaka kujua kwa nini lori si gari dogo lililokua. Kwa hiyo nilimwendea mzee mmoja wa jumuiya yetu, dereva mstaafu aliyeendesha trela miaka mingi, anayekaa Buhongwa. Alinikaribisha chini ya mwembe, akacheka swali langu.

"Karani," akasema, "gari dogo wewe unaliendesha. Lori lenye mzigo lenyewe linakusukuma."

Akanieleza. Katika nchi za Afrika Mashariki lori kubwa kupita yote huruhusiwa uzito wa tani 56 pamoja na mzigo. Gari dogo la kawaida halifiki hata tani 2. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi unayohitaji ili breki zisimamishe gari haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Tena lori linatumia breki za upepo: upepo hukusanywa kwenye matangi, na dereva mchanga anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, huumaliza upepo wake mteremkoni. Anayeshikilia breki muda wote naye hazichelewi kuchemka, nazo zikichemka hazishiki. Dereva aliyefundishwa huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini ikalizuia gari. Asiyefundishwa huweka frii ili aokoe mafuta, na frii ndiyo iliyowazika wengi.

"Na upande wa kushoto," mzee akaendelea, "dereva amekaa kulia, juu kabisa. Mtu wa baiskeli akiwa karibu na mlango wa kushoto, humwoni. Yupo, lakini kwako hayupo. Na unapokata kona, trela halifuati njia ya kichwa, linakata ndani. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, barabara inageuka, watu wanapita kulia. Na kile ulichokizoea miaka yote sasa ndicho kitakachokuua. Mambo hayo hayaandikwi kwenye kadi. Huingia mwilini polepole, na kwanza hujifunza kwa gari dogo, ambalo likikosea linaumiza wachache."

Aliposema habari za mtu wa baiskeli nilishtuka, kana kwamba alikuwa ameiona leseni ya Babu.

Sasa, msomaji, usidhani ya kuwa nataka kuwasifu wakubwa na kuwalaumu madereva. Nakumbuka siku ya Ijumaa tarehe 10 Aprili 2015. Tulikuwa tumekwisha kula Pasaka, nami nilikuwa narudi chuoni. Nilifika stendi alfajiri nikakuta mabasi yamesimama na madereva wamekaa vikundi vikundi. Wamegoma. Katika mikoa mingi ilikuwa hivyo hivyo, mabasi na malori. Nilikaa juu ya begi langu saa nyingi, njaa ikiuma, nikiwalaani kimoyomoyo.

Lakini walikuwa na neno. Iliamriwa ya kuwa dereva wa abiria au wa lori kubwa arudi darasani kila anapotaka kuhuisha leseni, yaani kila baada ya miaka mitatu, tena kwa gharama yake mwenyewe. Na wengi wao hawakuwa na mkataba wa ajira hata wa ukurasa mmoja! Walilipwa kwa safari, kama Babu mwaka 1966. Mtu asiyejua kama kesho ana kazi, atatoaje ada ya masomo ya mwaka huu? Siku ile ile Serikali iliiondoa amri hiyo ya masomo. Hata hivyo mwezi uliofuata waligoma tena, maana neno la mikataba lilikuwa halijakwisha.

Kwa upande wa pili, usisahau ya kuwa mwezi mmoja tu kabla ya mgomo, tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hiyo walioweka masharti hawakuwa watu wa kuwaonea madereva bure, na waliogoma hawakuwa wapumbavu. Kila upande ulishika nusu ya kweli. Masomo yanahitajika, na vyuo vipo: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa tangu 1975, na VETA inafundisha. Siku hizi tena iko LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo imeanza kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara kwa mtihani wa kompyuta. Lakini masharti yote yakiwekwa juu ya mgongo wa dereva peke yake, na tajiri akabaki kuhesabu safari, dereva atatafuta njia ya mkato. Na njia ya mkato mara nyingi hupita katika ofisi ndogo kama yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa dada. Sikutaka kulisema neno lile kwa simu. Niliichukua leseni ya Babu nikaifunga katika leso. Nilimkuta anaanua dagaa. Nikamwamkia, nikamsaidia mpaka tukamaliza, kisha nikamwambia wazi ya kuwa sitaandika barua.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Wewe ulisoma kwa jasho la nani?"

Nikafungua leso. Nikamsomea maandishi ya nyuma, kama nilivyomsomea Babu, kisha nikamsimulia habari yote. Alisikiliza akiwa ameinamia ungo. Nilipotaja Magu, akainua kichwa.

"Lile gunia," akasema.

Ndipo nikajua jambo ambalo Babu hakuniambia. Dada alipokuwa mtoto, kila mwaka baada ya mavuno Babu alipakia gunia moja la mahindi, akaenda naye mpaka kwenye nyumba moja huko Magu. Alikuwa akilishusha, akimwamkia mama mmoja mzee mjane, anakunywa maji, anarudi. Dada alidhani ni shangazi wa ukoo. Zaidi ya miaka 20 baada ya ajali, Babu alikuwa bado anapeleka gunia.

Dada alinipakulia ugali. Tulikula bila kusema neno. Nilipoondoka hakunisindikiza, na mtu anayejua desturi zetu anafahamu maana yake. Miezi mitatu hakunipigia simu.

Mpwa wangu alikasirika zaidi. Aliniambia, "Mjomba, wenzangu wote wanapita njia hiyo hiyo." Nikamjibu, "Inawezekana. Lakini hawakupita kwangu." Akaondoka.

Msomaji, kukataa ni rahisi. Asiyekuwa na njaa hukataa kwa sauti nzuri sana. Kama ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwadilifu mwenye mpwa asiye na kazi. Kwa hiyo nilikwenda kwa Baba Paroko nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza, akauliza kama kijana ana leseni halali ya gari dogo. Nikasema anayo. Akasema, "Basi aje aendeshe pikapu. Mshahara ni mdogo, na ule mlango wa kushoto autengeneze yeye."

Alikuja baada ya wiki mbili, uso umekunjamana. Mlango aliutengeneza siku ya kwanza. Sasa hupeleka makatekista vigangoni, huchukua saruji ya ujenzi, huwapeleka wagonjwa Bugando usiku. Nami nimemfungulia daftari. Kila safari tunaandika tarehe, mahali, kilometa alizokwenda, hali ya barabara na kosa kama lilitokea. Mara mbili ameandika mwenyewe makosa yake ambayo mimi nisingeyajua: mara moja alipita kasi mbele ya shule, mara nyingine alirudi nyuma bila kushuka kutazama. Miaka yake mitatu ya D itatimia 2027. Siku hiyo atakwenda kusomea gari kubwa, na akihitaji barua ya karani nitamwandikia, yenye mhuri, na kila neno lake litakuwa na ukurasa wake katika daftari. Haitasema ya kuwa aliendesha lori. Itasema alichokifanya.

Wakati wa Krismasi kifurushi kililetwa mlangoni kwangu. Kilikuwa na dagaa, wale wakavu wazuri wa Mwaloni. Hapakuwa na barua ndani, nami sikuihitaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba neno moja. Wewe mwenye gari, usimlipe dereva kwa namna ya kumlazimisha asilale. Mpe mkataba, na ada ya masomo mgawane. Wewe mzazi, usimtafutie mwanao kishoka. Mvumilie miaka mitatu, maana subira yavuta heri. Wewe mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, katibu, karani mwenzangu, mwenye mhuri kwenye droo: mhuri wako si wino tu. Kuna mtu mwenye baiskeli, hujamwona na hutamwona, anarudi nyumbani usiku na mkungu wake wa ndizi. Naye anakutegemea wewe.

Leseni ya Babu sasa imo katika droo yangu, chini ya mhuri. Kila nikiutoa mhuri, naiona.